Mama Pasi Ashika Zamu

Mzee alikubali kupanda meli kwa sharti moja: kwanza wapitie kwenye ukuta wa wanamaji waliokufa vitani. Mkewe aliitikia bila kufikiri. Alidhani ni jambo la dakika chache tu, mtu anaweka maua, anainamisha kichwa, anapangusa macho, basi. Safari hii alikuwa ameisubiri muda mrefu mno hata asitake kubishana juu ya maua.

Mzee hakuwa na maua. Alipotoka chumbani siku ya safari, suruali ya kijivu imenyooshwa, viatu vinang'aa, mfuko wake wa nyuma ulikuwa umetuna. Mkewe aliutazama ule mfuko akajua kilichomo. Lilikuwa tambara.

"La nini hilo?" akauliza.

"La mkononi," mzee akajibu, akabeba sanduku kwenda nje, ambako teksi ilikuwa ikingoja.

Hotelini alikofanya kazi, mama huyu aliitwa Mama Pasi. Aliongoza chumba cha pasi katika hoteli kubwa karibu na bandari, ambako abiria wa meli za kitalii hulala usiku mmoja kabla ya kusafiri. Chumba hicho kiko chini ya ardhi na hakina dirisha. Katikati ipo mashine ndefu yenye magurudumu ya moto. Shuka huingia upande mmoja lina unyevunyevu na kutokea upande wa pili limenyooka kama karatasi. Kazi yake ilikuwa kusimama pale linapotokea, kukagua pindo na kulikataa likiwa na doa. Abiria aliwajua kwa mashuka yao. Alimjua aliyekula kitandani, aliyelala na viatu, na aliyelia huku amepaka wanja. Meli zenyewe aliziona mara chache, alipopanda juu ya paa kupunga upepo, nazo zilikuwa tayari zimekwisha kuipa bandari mgongo.

Alipostaafu, hoteli ilimpa zawadi ya safari ya meli: chumba cha watu wawili, tarehe imeshapangwa, haiahirishwi wala hapewi mtu mwingine.

"Leo Mama Pasi utalalia shuka ambalo hukulinyoosha wewe!" wenzake walimtania siku ya kumuaga.

"Nitalikagua kwanza," akawajibu, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Tatizo lilikuwa mumewe. Mzee ni fundi wa lifti, amestaafu naye, lakini kabla ya lifti alikuwa mwanamaji. Wakati wa vita alifanya kazi kwenye chumba cha mashine cha meli ya kusindikiza misafara, chini kabisa, mahali ambapo mtu hajui kama nje ni mchana au usiku. Tangu meli ile izame, hakukanyaga chombo chochote cha majini, hata kivuko. Shemeji yake alipoolewa ng'ambo ya ghuba, mzee aliizungusha familia nzima kwa barabara. Walifika sahani zikioshwa.

Na kulikuwa na suala la tambara.

Katika chumba kile cha mashine, kelele zilimeza sauti ya mtu. Kwa hiyo zamu haikukabidhiwa kwa maneno peke yake. Anayetoka alimtia anayeingia tambara la kufutia mafuta mkononi. Mwenye tambara ndiye mwenye zamu, na mwenye zamu haondoki mpaka mtu mwingine alishike. Hakuna afande wala kengele iliyoweza kuibatilisha kanuni hiyo.

Siku meli ilipogonga bomu la majini, zamu ilikuwa ya mzee. Lakini jino lilikuwa likimuuma tangu alfajiri, shavu limevimba, na mwenzake wa zamu iliyofuata alimhurumia. Jina halisi la mwenzake liko ukutani. Mzee hajawahi kumwita kwa jina hilo. Alimwita Kijiko, kwa sababu alikuwa mwembamba na hakukosa kamwe kwenye chakula. Kijiko alishuka kabla ya wakati wake, akamnyang'anya tambara na kumsukuma ngazini. Mzee alikuwa kwenye kiti cha tabibu, mdomo wazi, koleo limeshalikamata jino, mlipuko ulipotokea. Yeye na tabibu waliokolewa. Waliokuwa chini hawakutoka hata mmoja. Jino halikung'olewa. Anasema liliacha kuuma siku hiyohiyo, na analo hadi leo.

Kanuni ya tambara aliingia nayo kwenye lifti, kisha nyumbani. Mtoto aliyeosha vyombo hakuruhusiwa kuondoka kwenye sinki mpaka mwingine apokee kitambaa. Binti yao alipougua homa kali, kitambaa cha maji kilihama kutoka mkono wa baba kwenda mkono wa mama na kurudi, na hakuna aliyekitua. Siku moja fundi wa kumpokea alipata ajali njiani, na mzee akabaki juu ya lifti iliyoharibika ya jengo la ofisi mpaka kesho yake, tambara mkononi. Mkewe ndiye aliyempelekea chakula. Alimlisha kupitia upenyo wa mlango.

Kwa hiyo alipouona ule mfuko uliotuna, Mama Pasi hakuwaza maua tena. Aliwaza lifti ile.

Ukuta wa wanamaji uko kilimani, juu ya bandari. Ni wa mawe meusi yaliyosuguliwa hadi mtu anajiona ndani yake. Kutoka hapo meli ya kitalii ilionekana yote, nyeupe, ndefu, madirisha juu ya madirisha, kama mtaa mzima wa ghorofa uliokuja kuegeshwa gatini. Abiria walikuwa wakipanda. Lango lingefungwa saa kumi.

"Mama, nawasubiri hapahapa," dereva wa teksi alisema, mtu mnene mwenye maneno mengi. "Lakini msinogewe. Ile meli si teksi, ukiipigia honi hairudi."

Majina yamepangwa kwa meli, na ndani ya kila meli kwa kazi: manahodha na maafisa juu, wa sitaha chini yao, kisha wa redio, na mwisho kabisa, karibu na ardhi, watu wa mashine. Waliofanya kazi chini wamewekwa chini hata kwenye jiwe. Mbele ya ukuta ipo kamba, na kando ya kamba alisimama askari wa kike wa jeshi la wanamaji, sare nyeupe, mikono nyuma.

Mzee aliinama kupita chini ya kamba.

"Shikamoo mzee. Hairuhusiwi kuvuka hapo," askari alisema.

"Marahaba, mwanangu." Lakini hakurudi. Alichuchumaa, akapitisha kidole juu ya majina hadi alipofika alipotaka. Kisha akatoa tambara mfukoni. Lilikuwa jipya, la pamba, limekunjwa mara mbili. Akaligusisha kwenye jina, akalivuta taratibu kama anayelipokea kutoka kwenye mkono wa mtu.

"Haya, Kijiko," akasema. "Nimekupokea. Panda juu."

Kisha akasimama, mgongo ukutani, tambara mkononi.

Mama Pasi alingoja. Askari naye alingoja. Chini bandarini winchi ilikuwa ikipandisha mizigo.

"Umemaliza, baba watoto?"

"Ndiyo kwanza nimeanza."

"Umeanza nini?"

"Zamu. Yule alikuwa hajapokelewa. Miaka yote hii hakuna aliyeshuka kumpokea. Alishika zamu yangu, na mimi nikaenda zangu kufungua mdomo kwa daktari." Alisema bila kupandisha sauti, kama anayeeleza hitilafu ya lifti. "Sasa niko mimi."

"Na nani atakupokea wewe?"

Mzee alilikaza tambara kiganjani.

"Nakuuliza! Nani atakuja hapa kukupokea? Wenzako wote wako kwenye hilo jiwe!"

"Wewe nenda, mke wangu. Safari ni yako. Nimekusindikiza mpaka hapa."

Hapo ndipo hasira ilipompanda. "Umenisindikiza? Chumba ni cha watu wawili! Mimi nimesimama chini ya ile hoteli nikinyoosha mashuka ya watu na wapenzi wao, leo niende nikalale peke yangu nikitazama mto wako? Ungeniambia nyumbani. Ningekaa na hasira mwaka mzima, lakini ningekuwa kwenye kiti changu."

"Nyumbani sikujua."

"Hukujua, na tambara ulilikunja mwenyewe!"

Askari alikuwa amegeuka kidogo, kama watu wanavyogeuka jirani wanapogombana. Mama Pasi akamrukia.

"Mwanangu, wewe si mwanamaji? Njoo umpokee huyu mzee. Shika tambara, aseme maneno yake, tuondoke."

"Samahani mama. Mimi mwenyewe niko zamu. Aliye zamu hapokei nyingine."

Mzee aliinamisha kichwa kwa heshima kubwa. "Umemsikia? Huyo amefundishwa."

"Mmefundishwa ninyi wawili kunitia wazimu," alisema Mama Pasi.

Meli ilipiga honi. Ilikuwa sauti nzito, na alihisi imempita kifuani. Foleni ya kupanda ilikuwa imekwisha. Walibaki watu wawili watatu waliovuta masanduku kwa haraka. Dereva wa teksi alitokea akihema, funguo mkononi.

"Jamani, wameita! Kuna nini? Mzee amekwama?"

Mama Pasi alimweleza kwa maneno machache. Dereva alimtazama mzee, akalitazama tambara, akajipiga kifua.

"Sasa hilo ndilo la kuwakosesha meli? Nipe mimi, mzee wangu. Nalishika."

"Umewahi kushika zamu?"

"Nimeshika usukani maisha yangu yote."

"Na hili utalifanyia nini?"

Dereva alifikiri kwa uaminifu. "Nitafutia kioo."

Mzee alilirudisha tambara kifuani. Hata askari aliuma mdomo asicheke. Mama Pasi hakucheka. Alikuwa akitazama chini, kwenye meli, mahali ambapo maji yalikuwa yameanza kutibuka nyuma yake. Walikuwa wamewasha mashine.

Anasema wazo halikumjia kama werevu. Lilimjia kama kero ya kikazi, vile anavyoona shuka limekunjwa kinyume.

Akavuka kamba. Askari akafumba macho kidogo, akaacha.

"Zamu ni ya nini?" akamuuliza mumewe.

"Nini?"

"Mtu akiwa zamu, anaangalia nini?"

"Mashine. Mvuke, mafuta, maji. Unajua."

"Ziko wapi?"

Mzee aliangalia kulia na kushoto.

"Nionyeshe mashine hapa. Nione mvuke. Hili ni jiwe, mzee wangu. Umempokea mwenzako, vizuri, ulikuwa na deni naye na umelilipa mbele ya mashahidi. Lakini mtu wa mashine hasimami zamu kwenye jiwe. Kijiko angekuona hapa angekucheka."

"Mashine zetu ziko chini ya bahari."

"Za kwenu, ndiyo. Lakini pale," akanyoosha mkono kuelekea bandarini, "zipo zinazofanya kazi. Sikiliza. Zinahitaji mtu."

"Wana watu wao."

"Basi ataongezeka mmoja." Akafungua kiganja mbele yake. "Kabidhi."

Mzee alirudi nyuma hadi mabega yakagusa ukuta. "Hapana. Si wewe."

"Kwa nini si mimi?"

"Niliwahi kumpa mtu."

"Hukumpa. Alikunyang'anya. Umenisimulia mwenyewe. Mimi sinyang'anyi. Nakuomba, na wakati wake umefika. Kabidhi."

"Ukilishika, huachii mpaka upokewe."

"Nimeishi na wewe. Unadhani sijui?"

"Na utakwenda nalo wapi?"

"Chini. Kwenye mashine. Mahali pake."

"Peke yako?"

"Hilo shauri yako."

Honi ililia mara ya pili. Dereva alishika kichwa. Mzee alikuwa akitokwa jasho kwenye paji la uso, na kulikuwa na upepo. Mama Pasi anasema mkono wake mwenyewe ulianza kuuma kwa kuunyoosha, lakini alijua akiushusha imekwisha: angemwacha hapo, angepanda au asipande, na kwa vyovyote wangekuwa watu wawili tofauti siku watakapoonana tena.

"Mvuke sawa," mzee alisema, karibu bila sauti. "Mafuta sawa. Maji sawa."

"Nimesikia."

Akaliweka tambara kiganjani mwake. Hakuliachia mara moja. Kisha akaliachia.

Mama Pasi aligeuka, akapita chini ya kamba na kushuka ngazi za kilima bila kutazama nyuma. Aliingia kwenye teksi, kiti cha nyuma, tambara limefumbatwa.

"Washa gari," akamwambia dereva aliyefika akikimbia.

"Bila mzee?"

"Washa."

"Mama, mimi nina mke, siwezi kumwacha mume wa mtu kwenye jiwe…"

"Baba, washa gari!"

Gari likawaka. Dereva alilitoa polepole kuliko alivyowahi kuendesha maishani, jicho kwenye kioo. Mama Pasi alitazama mbele. Walikuwa wamefika kwenye mteremko ndipo ngumi ilipopiga buti la gari, mara mbili, kwa nguvu. Mzee aliingia mbele, akafunga mlango, akavaa mkanda.

Walikuwa wa mwisho. Kwenye ukaguzi, afisa wa usalama aliwaamuru waweke kila kitu kwenye trei. Mama Pasi aliweka mkoba, saa, mkanda na viatu.

"Na hicho cha mkononi, mama."

"Hiki siwezi kukitua."

"Ni nini?"

"Tambara."

"Tambara ndiyo huwezi kulitua?" Afisa alimtazama mzee kutafuta msaada wa mwanamume mwenzake.

"Yuko zamu," mzee alisema.

Mtu wa langoni alikuwa tayari ameshika mnyororo. Mama Pasi alifungua kiganja, akalitandaza tambara juu yake, upande mmoja, kisha mwingine, kama alivyokuwa akimwonyesha msimamizi shuka lenye doa. Afisa alipitisha kifaa chake juu yake mara mbili. Hakikulia. Akawapungia wapite, akinung'unika kwamba leo amekutana na kila aina.

Ngazi ya kupandia ilikuwa na nafasi kati yake na gati, na kwenye nafasi hiyo maji yalionekana, meusi, yakipanda na kushuka. Mzee alisimama hapo. Mama Pasi aliisikia miguu yake ikisimama. Hakuweza kumsaidia, mkono mmoja ulikuwa na mkoba na mwingine ulikuwa na zamu. Akaendelea kupanda. Alipofika mlangoni mwa meli, ambako kijana mwenye tabasamu na glavu alimpa pole kwa kukimbizana, alisikia hatua nyuma yake, fupifupi, za mtu anayetazama visigino vya mwenzake na si kitu kingine.

Nyuma yao ngazi ikaondolewa.

"Karibuni. Chumba chenu kiko ghorofa ya saba, kina roshani ya kutazamia bahari," kijana alisema. "Na tunaondoka sasa hivi, abiria wote wako juu wanaaga bandari."

"Chini kabisa panafikika?" Mama Pasi aliuliza.

"Chini, mama? Chini hakuna kitu. Ni ukumbi wa kupita tu, na milango ya wafanyakazi."

"Hapohapo."

Mzee alimshika kiwiko. "Mama watoto. Umesubiri kuona meli ikiondoka. Panda juu. Nitakupokea hapahapa, sasa hivi, nipe."

"Sasa hivi bado. Zamu yangu ndiyo imeanza." Alisema kwa upole, lakini alisema. "Wewe uko huru. Kafungue chumba. Kagua mashuka, mimi nikija nisikute mkunjo. Kisha uje kwa wakati wako."

Anakiri kwamba hapo ndipo alipojutia kidogo. Angeweza kumpa. Tayari walikuwa ndani ya meli, ngazi imeondolewa, hila yake imefanya kazi. Lakini alikuwa amesema "nimesikia", na mtu yule aliyekuwa mbele yake alikuwa amepanda chombo cha majini kwa kuliamini neno hilo.

Kwa hiyo hakuona kitu. Hakuona bandari ikirudi nyuma, wala paa la hoteli, wala watu wakipunga mikono. Alikaa kwenye kiti cha kukunja katika ukumbi usio na dirisha, mbele ya mlango wa chuma ulioandikwa wafanyakazi tu, tambara mapajani. Mhudumu mmoja alipita akamuuliza kama amepotea, akamjibu hajapotea. Ukuta ulikuwa wa joto. Kisha sakafu ikaanza kutetemeka chini ya viatu vyake, kidogo, halafu zaidi, na akajua wameondoka.